Mkanda Uliokatika

Mwaka ule baba na mama hawakusemeshana siku kumi na moja.
Baudelio, baba yangu, aliweka rehani cherehani ya mama
ili anunue jogoo wa kupigana, mwekundu, akampa cheo cha jenerali.
Jenerali alikufa pambano la kwanza, vumbi halijatimka.
Mama hakupiga kelele.
Alimpika.
Akamwandalia baba paja, akamsogezea chumvi,
kisha akaufunga mdomo wake
kama mtu afungavyo mfuko wa sukari, sisimizi wasiingie.

Lakini Jumamosi ni Jumamosi, na sinema ya Santa Brígida ilikuwa yetu:
baba juu, kwenye kijumba cha mashine,
mama chini, dirishani, akiuza tiketi,
na mimi katikati, kwenye ngazi ya mbao, na kopo la chenji,
nikipandisha na kushusha maneno yao.
"Mwambie baba yako watu wametosha."
"Mwambie mama yako nina macho."

Ukuta wa ghala la mahindi ulipakwa chokaa, ndio pazia letu.
Wanaume waliketi kushoto,
wanawake kulia (upande, si machozi),
na shali zao, na mbegu za maboga za kukaanga.
Hakuna aliyewapanga.
Padri aliwapanga kanisani, miguu ikazoea.

Usiku huo: mwanamke mwenye shamba la mkonge,
na mfuga farasi aliyeapa kumtia lijamu.
Amemrushia sahani. Amemvunjia gitaa.
Amemsukumia kwenye birika la kunyweshea ng'ombe,
kofia yake ikaelea peke yake kama bata.
Kisha wakasogeleana, pua kwa pua.
Mkono ukainuka —
mkanda ukakatika.

Mwanga mtupu.
Mjusi akavuka ukuta, nyota pekee wa filamu.

"Kamzaba!" kushoto wakashangilia. "Kamtuliza!"
"Ulimwona wapi?" kulia wakauliza.
Don Fulgencio, kinyozi, akasimama juu ya benchi,
mkono kifuani, kama anahutubia bunge:

    Jogoo ndiye huwika,
    ndipo kukapambazuka!

Na Otilia muuza nyama, bila kusimama, bila kuacha kutafuna:

    Jua bila yeye laja,
    na mchuzi wamngoja!

Upande wa kulia ukaanguka kwa kicheko,
maana mji mzima ulijua habari za jenerali.
Hata kushoto mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

Baba alisikia. Juu kule alishika mkasi na gundi,
vidole vyake vinene vikitetemeka.
Hajawahi kuunga mkanda maisha yake.
Mikanda yote iliyokatika mji ule
ilishonwa na mama.
Hakunituma. Alitoa kichwa nje ya mlango, akaita mwenyewe:
"Hermelinda."
Jina tu. Siku ya kumi na moja, jina tu.

Mama akafuta mikono kwenye aproni,
akapanda akinipita kama nguzo.
Watu wakanyamaza. Ukutani, juu ya chokaa,
vivuli vya mikono minne, mikubwa kama milango:
miwili imeshika mkasi, miwili inashikilia kisichoonekana.
Walisema nini, sijui. Nilikuwa na kopo la chenji.

Filamu ikarudi. Mkono umeinuka,
na papo hapo, bila daraja,
wamekaa kizingitini wanamenya chungwa moja.
Kushoto wakasema, unaona? Kulia wakasema, unaona?
Wakaenda nyumbani wakibishana hadi Kwaresima.

Cherehani ilirudi Jumanne.
Buti za baba zikaenda kukaa mahali pake,
akahudhuria misa kwa ndala mwezi mzima,
na kila jioni alimtungia mama uzi kwenye sindano,
akikodoa macho, akitukana kimyakimya.
Sidhani kama alisamehewa. Alipewa kazi.

Mama alipofariki nilifungua bati la vifungo.
Chini kabisa, kipande cha mkanda, picha kumi na tisa.
Nikakiinua dirishani.
Picha zote kumi na tisa mkono uko hewani.
Nimezihesabu tena jana.
Hakuna hata moja ulipofika,
wala siwezi kuapa ni wa nani.